Hewa ukaa inapanda eneo hili na kushuka lile, kwanini? Ramani za setilaiti zimenichanganya

Mdadisi_Anga:

Wakuu habari zenu, naombeni tuelimishane kidogo hapa maana tumebishana kwenye grupu mpaka usiku na hakuna aliyemshawishi mwenzake. Kuna video inazunguka ya ramani ya dunia inayoonesha hewa ukaa mwezi hadi mwezi, bluu maana yake iko chini na nyekundu iko juu. Nilichokiona ni kwamba kuanzia Januari nusu ya kaskazini inazidi kuwa nyekundu, ikifika Aprili na Mei imekolea kabisa, afu Juni Julai inaanza kufifia na Agosti kule Siberia na Kanada kote ni bluu tupu, kama vile kuna kitu kimeifyonza. Nusu ya kusini yenyewe wala haishtuki, mwaka mzima rangi karibu ni ileile.

Sasa tunaambiwa hii gesi inakaa angani miaka mingi sana na inasambaa dunia nzima, kama inasambaa mbona kila eneo lina kiwango chake? Na la pili, kuna ramani nyingine ya 2015 na 2016 ambayo maeneo mekundu ni ya ikweta, Afrika, Amazon na Indonesia, jamaa mmoja akaishika hiyo kama ushahidi kwamba nchi za misitu ndo wachafuzi wakubwa kuliko nchi za viwanda. Kusema kweli limeniuma lakini sina cha kumjibu, na kuumia peke yake sio hoja. Mwingine naye akasema yote hayo ni volkano na bahari, binadamu tunasingiziwa. Mwenye ujuzi naomba anifungue macho.

Kipimahewa:

Mkuu afadhali umeuliza kabla hujakubali. Kitu cha kwanza kabisa rudi kwenye hiyo video uangalie namba zilizoandikwa pembeni ya rangi. Utakuta kutoka bluu mpaka nyekundu ni tofauti ya ppm ishirini hivi au pungufu, ppm ni chembe ngapi za hewa ukaa ziko kwenye kila chembe milioni moja za hewa kavu. Kwahiyo pale Siberia penye bluu bado kuna mia nne na kitu, ni rangi tu zimevutwa ili tofauti ndogo ionekane kwa macho. Kabla ya zama za viwanda dunia ilikuwa na kama 280. Charles David Keeling alipoanza kupima pale Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa karibu 315, na wastani wa mwaka 2024 hapohapo umepita 424. Hiyo ndo habari kubwa, hizo rangi za mikoa zinapanda na kushuka juu ya mgongo wa hiyo.

Kuhusu kusambaa, ni kweli inasambaa ila sio papo hapo. Dondosha wino kwenye beseni la maji halafu koroga polepole, mwisho wake maji yote yatakuwa rangi moja lakini kabla ya hapo utaona michirizi, na ukiendelea kudondosha wino upande mmoja basi upande huo utabaki umekolea zaidi siku zote. Upepo unaizungusha hewa mashariki magharibi kwa wiki chache tu inakuwa imeizunguka dunia, ila kuvuka ikweta kwenda nusu nyingine inachukua kama mwaka mzima, kwa sababu pale katikati pepo za pande mbili zinakutana na kupanda juu, hazipishani kirahisi.

Sasa hicho kifyonzaji ulichokiona Agosti ni mimea. Sehemu kubwa ya ardhi ya dunia iko kaskazini, na ardhi ndo yenye misitu na mashamba, kwahiyo majira ya joto ya kule yakifika mabilioni ya miti na mazao yanachanua majani kwa wakati mmoja na kufanya usanisinuru, gesi inashuka. Majani yakipukutika mimea inaacha kufyonza lakini vijidudu kwenye udongo vinaendelea kuozesha na kurudisha gesi hewani, inapanda taratibu mpaka Mei. Pale Mauna Loa huko kupanda na kushuka ni kama ppm 6 hivi kwa mwaka, ukienda Barrow kule kaskazini mwa Alaska inapita 15, na kwenye Ncha ya Kusini ni kama 1 au 2 tu kwa sababu kusini ni bahari tupu na barafu. Ndo maana ukaona kusini haishtuki.

Ila kuna kitu video haikuoneshi na ndicho ningependa ukibebe. Toa msimu, chukua wastani wa mwaka mzima, bado kaskazini iko juu kuliko kusini. Miaka ya 1960 mwanzoni tofauti ya Mauna Loa na Ncha ya Kusini haikufika hata ppm 1, sasa hivi ni kama 3. Imekua sambamba na uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, ambao sehemu kubwa sana unafanyika kaskazini. Kama chanzo kikuu kingekuwa misitu ya ikweta huo mwinamo usingekuwa hivyo.

Mwana_Setilaiti:

Naongezea hapo kwa mkuu Kipimahewa. Hiyo video unayoisema ya rangi zinazotiririka vizuri kama moshi, karibu zote hizo ni modeli ya kompyuta, sio picha. Wanachukua takwimu za nani kachoma nini wapi, wanaongeza mimea, bahari na upepo, halafu kompyuta inachora. Modeli ni nzuri na zinapimwa kwa vituo vya ardhini, ila mtu akikuambia "setilaiti imepiga picha" mwambie asubiri kidogo.

Setilaiti yenyewe inafanyaje kazi, inaangalia mwanga wa jua uliogonga ardhi na kurudi juu, hewa ukaa inanyonya rangi fulani za mwanga huo ambazo macho yetu hayazioni, ukipima kiasi kilichonyonywa unajua gesi iliyopo kwenye nguzo nzima ya hewa kuanzia ardhini mpaka juu kabisa. Nasisitiza nguzo nzima. Kituo cha ardhini kinapima hewa ya pale pale, sasa msitu mnene usiku, upepo umetulia, mimea na udongo vinapumua, gesi inajikusanya chini na namba inaweza kuruka makumi ya ppm, asubuhi jua likiwaka hewa inachanganyika na yote inapotea, setilaiti wala haijui kama hicho kitu kilitokea. Kwahiyo ukikuta namba mbili tofauti za eneo moja usidhani kuna anayedanganya.

Halafu mwanga wa jua ukikosekana hakuna kipimo, maana yake ncha za dunia wakati wa baridi hamna kitu, na penye mawingu hamna kitu, na vumbi linavuruga. Wajapani walirusha GOSAT mwaka 2009, mwaka huohuo OCO ya Wamarekani ikashindwa kufika hata kwenye mzingo, ikabidi waitengeneze upya na OCO-2 ikaruka Julai 2014. Misitu ya ikweta ina mawingu karibu mwaka mzima, na vituo vya ardhini huko ni vichache mno ukilinganisha na Ulaya au Marekani. Yaani sehemu ambayo tunabishana zaidi ndo sehemu yenye vipimo vichache zaidi, na hili linanisikitisha kila nikilifikiria.

Bahari_Kuu:

Mimi naona mnamjibu kwa upande mmoja tu. Angalieni mwenendo wa miaka, kila ikitokea El Niño, yaani ile miaka maji ya Pasifiki kwenye ikweta yanapopata joto kupita kawaida, hewa ukaa inaruka juu zaidi, mwaka 1998 iliruka, 2016 iliruka, 2024 imeruka. Bahari ikipata joto inatoa gesi, hiyo ni fizikia ya kawaida haina mjadala. Sasa kama joto la bahari ndo linaendesha mrukio wa kila mwaka kwanini tusiseme ndo linaendesha na ongezeko lote? Na volkano nazo msizidharau, mlima mmoja ukilipuka unatoa gesi kiasi gani. Naomba nijibiwe kwa hoja.

Dada_Kemia:

Kaka Bahari_Kuu hoja yako ni ya kujibiwa kwa heshima, ngoja nianze na volkano kwa sababu ni fupi. Volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, kwa mwaka hazifikishi hata asilimia 1 ya gesi inayotokana na uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambao ni kama tani bilioni 37. Pinatubo, volkano ya Ufilipino, ililipuka Juni 1991 na ni moja ya milipuko mikubwa ya karne iliyopita, miaka miwili iliyofuata kasi ya ongezeko la hewa ukaa duniani ilipungua badala ya kuongezeka. Ukungu wake ule wa salfa uliipoza dunia kidogo, uozo kwenye udongo ukapungua, na mwanga uliotawanywa na huo ukungu ukawafikia hata majani ya chini kivulini.

Bahari sasa. Ni kweli maji ya moto yanashikilia gesi kidogo kuliko ya baridi, lakini El Niño inafanya kinyume na unavyodhani. Kwa kawaida mashariki mwa Pasifiki kwenye ikweta maji ya kilindini yenye kaboni nyingi yanapanda juu na kutoa gesi, hilo ni moja ya maeneo makubwa ya bahari yanayotoa hewa ukaa. El Niño ikija huko kupanda kunadhoofika, kwahiyo bahari pale inatoa KIDOGO. OCO-2 ililiona hili mwaka 2015, miezi ya mwanzo gesi juu ya Pasifiki ilishuka kidogo, halafu baadaye ndo ikapanda kwa nguvu na hiyo ilitoka nchi kavu. Huo mrukio unaousema upo kabisa, ila anayeuleta ni ardhi iliyokaushwa na kuchomwa na joto.

Na kuhusu ongezeko lote la tangu zama za viwanda, bahari ingekuwa ndo inatoa basi yenyewe ingekuwa inapungukiwa kaboni. Vipimo vinaonesha inaongezewa, uchachu wake umepanda, pH ya maji ya juu (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umeongezeka) imeshuka kutoka kama 8.2 kwenda karibu 8.1, na inameza kama robo ya gesi yetu kila mwaka. Halafu kuna alama za vidole. Kaboni ina aina tatu zinazotofautiana kwa uzito, 12, 13 na 14. Mimea inapenda zaidi kaboni 12 kuliko kaboni 13, makaa ya mawe na mafuta yametokana na mimea na viumbe vya kale, kwahiyo moshi wake una kaboni 13 kidogo, na hewa ya dunia nzima uwiano wa kaboni 13 unazidi kushuka. Kaboni 14 ndo kabisa, makaa ya mawe hayana hata chembe kwa sababu aina hiyo inaoza yenyewe kwa mionzi na imeshaisha miaka mingi iliyopita. Na oksijeni ya angani inapungua, kidogo sana haiathiri kupumua, lakini inapungua kama inavyotakiwa pale kitu kinapochomwa. Bahari au volkano zikitoa hewa ukaa hazitumii oksijeni. Aliyeanzisha vipimo hivyo vya oksijeni ni Ralph Keeling, mtoto wa yule Keeling wa Mauna Loa.

Bahari_Kuu:

Hiyo ya Pinatubo na ya oksijeni sikuwahi kuzisikia, nitazifuatilia. Kwenye bahari bado nasoma ila nimekupata dada.

Mtafiti_Misitu:

Naomba nirudi kwa mleta mada kwenye ile ramani ya 2015 na 2016 kwa sababu naona hajajibiwa vizuri, na hapo ndo mwenzake alipomshika.

Ile ni ramani ya TOFAUTI. Walilinganisha mwaka wa El Niño na mwaka 2011 ambao ulikuwa wa kawaida zaidi na wenye mvua nyingi, wakauliza eneo gani limebadilika. Jibu likawa mabara matatu ya ikweta yalitoa kama tani bilioni 2.5 za kaboni zaidi ya mwaka ule. Sasa fikiria kiwanda kinachochoma makaa ya mawe kiasi kilekile kila mwaka, 2011 kimechoma na 2015 kimechoma, ukitoa huku na huku unapata sifuri, kwenye ramani hakionekani kabisa! Mchafuzi wa kila siku anafutika, anayebaki mwekundu ni yule aliyeugua mwaka huo. Kuichukua hiyo ramani na kusema hawa wekundu ndo wachafuzi wakubwa ni kuisoma kinyume. Wakati huo dunia ilikuwa inatoa kama tani bilioni 10 za kaboni kila mwaka kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na hizo haziko kwenye ile picha. (Msichanganye na bilioni 37 za Dada_Kemia, yeye amepima hewa ukaa nzima pamoja na oksijeni yake, mimi nataja kaboni tupu.)

Na kizuri zaidi ni kwamba sababu zilitofautiana bara kwa bara. Amerika ya Kusini ilikuwa ukame, miti ilifunga vinyweleo vya majani ikafyonza kidogo. Afrika mvua haikuwa mbaya sana ila joto lilizidi, uozo wa majani na udongo ukaenda kasi. Indonesia ilikuwa moto, ile ardhi ya mboji yenye majimaji walishaichimbia mifereji na kuikausha kwa ajili ya mashamba, ikija kiangazi kikali inawaka chini kwa chini kwa wiki kadhaa, na hiyo ni kaboni ya maelfu ya miaka. Rangi moja nyekundu, magonjwa matatu tofauti, ukiyatibu kwa dawa moja umepotea.

Sisemi misitu ya ikweta haina shida, shida ipo na ni kubwa. Kule Amazon, Luciana Gatti na wenzake walirusha ndege ndogo zikipima hewa kwenda juu katika maeneo manne kati ya 2010 na 2018, wakakuta kusini mashariki mwa Amazon, upande uliokatwa na kuchomwa zaidi, sasa unatoa kaboni kuliko unavyofyonza. Hiyo inanitisha mimi kuliko grafu yoyote. Ila kwa Afrika ya kaskazini mwa ikweta tuwe waangalifu. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa setilaiti uliosema eneo hilo linatoa zaidi ya tani bilioni 1 za kaboni kwa mwaka, hasa magharibi mwa Ethiopia na Afrika magharibi, ukasambaa sana. Baadaye wengine wakachukua vipimo vya ndege za utafiti zilizopita juu ya Atlantiki kati ya 2016 na 2018, wakakuta kutoa na kufyonza kwa Afrika ya ikweta karibu kunalingana, na ile namba kubwa yawezekana ilitokana na hitilafu za setilaiti kwenye eneo lenye vumbi na moshi. Bila vituo vya ardhini vya kutosha huo ubishi hauishi leo, na mtu akikutupia hiyo namba kama vile imeshafungwa, mkatalie.

Mdadisi_Anga:

Aisee nimeelimika, hiyo ya ramani ya tofauti ndo imenikata kiu. Wakuu swali moja la nyongeza. Kama eneo likipunguza uchafuzi, hewa ya juu yake itaonekana imepungua? Maana 2020 kulikuwa na kufungiwa ndani karibu dunia nzima, magari hamna, ndege hamna, sikuona popote wakisema hewa ukaa imeshuka.

Kipimahewa:

Mkuu 2020 ni mfano mzuri, twende kwa hesabu. Mwaka ule utoaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi ulipungua kama asilimia 5, tuseme tani bilioni 2 za hewa ukaa. Ppm moja ya anga zima ni kama tani bilioni 7.8. Na kati ya tunachotoa, karibu nusu ndo kinabaki angani, kingine kinamezwa na bahari na mimea. Kwahiyo kule kupungua kote kulileta tofauti ya ppm 0.1 na kidogo. Wakati mimea peke yake, kutegemea mwaka una ukame au mvua, inaweza kubadilisha ongezeko la mwaka kwa ppm 1 nzima. Ndo maana kwenye grafu ya Mauna Loa hukuona kitu, ongezeko lilipungua ila limefunikwa. Na angalia neno, nimesema ongezeko. Ukipunguza utoaji kwa asilimia 5 bado asilimia 95 inaingia, kiwango lazima kiendelee kupanda.

Kwa eneo dogo inaonekana zaidi kidogo. Juu ya miji mikubwa huwa kuna kama kuba la hewa ukaa, hata OCO-2 ikipita karibu na mtambo mkubwa wa makaa ya mawe inaona mkia wake kwenye upepo. Ukipunguza pale, lile kuba linapungua siku hiyohiyo. Lakini kubwa lililoko chini yake, hizo mia nne na kitu, ni la dunia nzima na halikusikilizi peke yako. Ili kujua kuba limetokana na nini wanapima na gesi zinazoandamana nayo, monoksidi ya kaboni ikiwa nyingi sana ujue kuna moto wa nyasi au msitu, na kaboni 14 ikiwa pungufu ujue ni mafuta au makaa ya mawe.

Sasa chukua 2024 uone upande wa pili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limesema kutoka 2023 kwenda 2024 wastani wa dunia umepanda ppm 3.5, haijawahi kutokea tangu vipimo vya kisasa vianze. Lakini uchomaji haukuongezeka kwa kiasi hicho, ulipanda kidogo tu. Kilichozidi ni El Niño, moto, na ardhi kufyonza kidogo kuliko kawaida yake. Mimi hapo ndo nasimama na kuogopa kwa sababu miaka yote tumekuwa tukisaidiwa karibu nusu ya mzigo, na huyo msaidizi ameanza kuonesha uchovu kwa mikoa, leo kusini mashariki mwa Amazon, kesho misitu ya Kanada ambayo 2023 iliungua na kutoa zaidi ya nusu bilioni ya tani za kaboni kwa msimu mmoja.

Mwana_Setilaiti:

Kwa hiyo misitu ya kaskazini kuna jambo la ajabu kidogo, kule kupanda na kushuka kwa msimu kumeongezeka. Walilinganisha vipimo vya ndege vya 1958 mpaka 1961 na vya 2009 mpaka 2011, kaskazini mwa latitudo 45 huko kupanda na kushuka kumekua kwa karibu asilimia 50. Maana yake mimea kule inafyonza zaidi majira ya joto kuliko zamani, joto limeongezeka, msimu umekuwa mrefu, vichaka vinapanda kaskazini, hewa ukaa yenyewe inawalisha, na mashamba makubwa ya nafaka nayo yamo. Mtu anaweza kufurahi kwamba dunia inajitibu, ila kinachofyonzwa Julai kingi kinarudi Desemba, kwahiyo usiwahesabie faida mpaka uone wastani wa mwaka.

Na mleta mada, ukirudi kwenye grupu usibishane na video tena. Vipimo vya NOAA (shirika la Marekani la bahari na anga) vya Mauna Loa, Barrow na Ncha ya Kusini viko wazi mtandaoni bure, chukua wastani wa mwaka wa kila kituo, weka mistari mitatu kwenye grafu moja kuanzia miaka ya 1970. Kisha muulize huyo jamaa, kama chanzo kikuu kiko ikweta, mbona mstari wa kaskazini uko juu na unazidi kuuacha ule wa kusini?

Mdadisi_Anga:

Nimeshavipakua mkuu, naichora leo. Jamaa akijibu chochote cha maana nitakileta hapahapa tukichambue, shukrani sana kwenu wote.